Lijue Gugu Kabla ya Kuling'oa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

  

Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa agawe yale maua tuliyowaomba mje nayo: ua moja la alizeti, na vichwa viwili vitatu vya kishonanguo. Kila mtu na ashike ua mkononi. Tutalihitaji punde hivi.

Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya magugu. Huenda mtu akacheka, akasema, "Gugu lina historia gani? Dawa yake ni jembe." Hata mimi zamani nilifikiri hivyo. Basi nitaanza kwa kuwaeleza jinsi nilivyotiwa adabu na gugu moja.

Nilipokuwa nikisoma diploma yangu Uingereza, nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mzee sana. Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ndogo. Mama yule alikuwa na maumivu ya magoti, hawezi kuinama. Siku moja ya mapumziko nikaona haya kukaa bure, nikashika jembe nikaingia bustanini nimsaidie. Mwishoni mwa bustani, kando ya ukuta, niliona magugu marefu yenye maua ya zambarau. Nikayafananisha na yale magugu ya miiba ambayo nilikuwa nimeyaona kando ya barabara. Nikayang'oa yote, nikayarundika, nikamwita mama aje aone kazi.

Alitazama lile rundo muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Kijana wangu, ahsante kwa jasho lako. Lakini haya niliyapanda mimi." Akanieleza ya kwamba baba yake alikuwa mkulima, naye alikuwa na konde kubwa la majani ya kulishia ng'ombe, limejaa maua yale. Wakati wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945 konde lile lililimwa lote ili kupata chakula. Yeye wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Miaka mingi baadaye alikwenda pale, akakuta mimea michache imebaki ukingoni mwa njia, akachukua mbegu zake. Lile rundo langu ndilo lililokuwa ukumbusho wa shamba la baba yake.

Niliyarudisha udongoni usiku uleule, na mengine yakashika, maana yalikuwa na mizizi migumu. Lakini tangu siku ile nilijifunza jambo: mtu asing'oe kitu asichokijua, wala asikiache kitu asichokijua. Somo letu la leo ni juu ya mambo hayo mawili.

Ua moja ambalo ni maua mengi

Sasa tazameni ua la alizeti mlilo nalo mkononi. Mnaona ua ngapi? Wengi mtajibu, "Moja." Basi lipasueni katikati kwa ukucha. Mtaona vijiua vidogo vingi vimesimama bega kwa bega kama watu sokoni. Kila kijiua kina mahali pake pa kuzaa mbegu moja. Na yale majani ya manjano ya pembeni, kila moja nalo ni kijiua kilichonyooka upande mmoja. Kwa hiyo alizeti si ua moja. Ni kijiji cha maua kilichojengwa juu ya bua moja.

Sasa tazameni kishonanguo. Nacho ni vivyo hivyo, ila kijiji chake ni kidogo. Vile vijiti vyeusi vinavyong'ang'ania nguo zetu ni mbegu za vijiua vyake.

(Mwalimu wa darasa asimamishe hapa kidogo ili wanafunzi watazame.)

Mimea yote yenye vijiji vya namna hii ni jamii moja. Wataalamu wamekwisha hesabu aina zaidi ya 20,000 za jamii hii duniani. Alizeti imo, kishonanguo kimo, pareto imo, na saladi tunayokula imo. Na lile gugu la zambarau la yule mama limo pia.

Waingereza wana jina lao la kale la gugu lile, na maana yake ni gugu la kifundo. Sababu ni kwamba chini ya ua kuna kifundo kigumu cha duara, kama kishikizo cha shati. Sisi katika somo hili tutaliita hivyo hivyo: gugu la kifundo.

Namna ya kulitambua

Nilikosea wapi mimi? Nilitazama rangi. Rangi ya ua humdanganya mtu upesi. Mtu anayetaka kulijua gugu la kifundo hana budi kutazama mambo mawili mengine.

Kwanza, ashike majani. Yale magugu ya miiba huchoma mkono katika jani na katika bua. Gugu la kifundo la Uingereza halichomi. Majani yake ni ya kukwaruza kidogo tu, kama ulimi wa paka.

Pili, atazame kifundo chenyewe. Kifundo kimefunikwa kwa magamba madogo yaliyopandana kama vigae juu ya paa. Katika magamba hayo ndimo kila aina ilimoandikwa jina lake. Aina iliyo ya kawaida zaidi Uingereza ina magamba yenye ncha nyeusi, nazo zina nyuzi kama meno ya kitana. Aina nyingine ina magamba ya kahawia hafifu, kama karatasi iliyochanika ukingoni. Ya tatu ni kubwa kuliko hizo. Majani yake yamekatika vipande vipande, na kila gamba lake la kijani lina ukingo mweusi kama kiatu cha farasi. Hiyo hupenda udongo wa chokaa.

Kuna na ua jingine liitwalo skabiosa, nalo lina rangi ya zambarau, hata wenyeji wa huko huchanganyikiwa. Lakini hilo si wa jamii hii. Ukilitazama chini hutaona kifundo chenye magamba yaliyopandana.

Basi mnaona ya kwamba kuitambua mimea si uchawi, wala si kazi ya wasomi peke yao. Ni kazi ya macho na subira. Ninyi mliojifunza kuipambanua herufi "b" na herufi "d" mnaweza kazi hii.

Jina lake lilikotoka

Wataalamu wa mimea huuita ukoo wa magugu haya Centaurea. Jina hilo limetoka katika hadithi za Wayunani wa kale. Walisimulia juu ya viumbe waliokuwa watu kuanzia kiunoni kwenda juu, na farasi kuanzia kiunoni kwenda chini. Mmoja wao aliitwa Chiron, naye alikuwa mganga hodari. Husemwa ya kwamba alijeruhiwa kwa mshale, akajitibu jeraha kwa mmea wa namna hii. Hiyo ni hadithi, lakini yatuonyesha ya kwamba tangu kale watu waliuona mmea huu kuwa dawa, si takataka.

Mwaka 1753 bwana mmoja wa Uswidi, jina lake Carl Linnaeus, alitoa kitabu kikubwa cha majina ya mimea. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuwa na jina refu kama sentensi nzima, na kila mtaalamu alikuwa na lake. Linnaeus aliipa kila aina majina mawili tu: jina la ukoo, halafu jina lake lenyewe. Magugu ya kifundo niliyoyataja yamo kitabuni humo. Tangu hapo mtu wa Uswidi na mtu wa Afrika waliweza kuandikiana barua juu ya mmea mmoja bila ya kukosana.

Ua lililotoa ushahidi Misri

Ukoo huu una ndugu mmoja wa rangi ya buluu, mzuri sana, ambaye huota katikati ya ngano. Tumwite ua la ngano. Wamisri wa kale walimpenda ndugu mmoja wa karibu sana wa ua hili. Hakuwa mwenyeji wa Misri. Aliletwa kutoka nchi za Asia ya Magharibi, akapandwa bustanini kwa ajili ya uzuri wake.

Mwezi wa Novemba mwaka 1922 Mwingereza Howard Carter, pamoja na wafanyakazi wake Wamisri, walilivumbua kaburi la mfalme kijana, Tutankhamun, aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Magazeti ya dunia yalisimulia juu ya dhahabu. Lakini ndani ya masanduku ya maiti mlikuwamo pia mataji na mikufu ya maua yaliyokauka, na miongoni mwake maua ya buluu ya ukoo huu.

Mtaalamu mmoja aliyejua mimea na mambo ya kale ya Misri, Percy Newberry, aliyachunguza maua hayo. Aliyatambua moja moja. Kisha akajiuliza: maua haya na matunda yaliyofungwa pamoja nayo hupatikana mabichi mwezi gani huko Misri? Akakata shauri ya kwamba mfalme alizikwa kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Dhahabu yote ile haikuweza kusema mfalme alizikwa mwezi gani. Ua dogo la bustani ndilo lililosema, kwa sababu alikuwapo mtu aliyelijua.

Adui wa mvunaji, rafiki wa askari

Sasa tuvuke bahari twende Ulaya. Huko ua la ngano lilikaa mashambani pamoja na wakulima kwa karne nyingi. Mbegu zake zilivunwa pamoja na ngano, zikapurwa pamoja nayo, zikapandwa tena pamoja nayo mwaka uliofuata. Mkulima alikuwa akipanda adui yake kwa mkono wake mwenyewe. Bua la ua hili ni gumu, nalo lilizitia mundu butu wakati wa mavuno. Kwa hiyo wavunaji wa Uingereza walilipa jina lenye maana ya "mwumiza mundu."

Lakini mambo hugeuka. Katika vita kuu vya mwaka 1914 hadi 1918, nchi ya Ufaransa Kaskazini ilipasuliwa kwa mizinga. Katika udongo uliofukuliwa yaliota maua mekundu na maua haya ya buluu. Wauguzi wawili huko Paris waliwaanzishia askari waliojeruhiwa kazi ya kutengeneza maua ya ngano kwa kitambaa na karatasi, yauzwe, nao wapate riziki yao. Hata leo Wafaransa huvaa ua hilo la buluu kuwakumbuka waliokufa vitani. Gugu lililolaaniwa na wavunaji limekuwa alama ya heshima.

Baada ya vita vya pili, yaani baada ya mwaka 1945, zilienea dawa za kuua magugu mashambani. Mashine za kusafisha mbegu nazo zilizidi kuwa nzuri. Mkulima alipata ngano safi, na hiyo ilikuwa faida kubwa, maana watu walihitaji kula. Lakini ua la ngano lilitoweka karibu kila mahali katika mashamba ya Uingereza. Makonde ya majani yenye maua nayo yalilimwa au kutiwa mbolea nyingi, majani marefu yakayasonga maua. Imekadiriwa ya kwamba kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1984, Uingereza ilipoteza asilimia 97 ya makonde yake ya namna hiyo. Yaani katika kila makonde 100 yalibaki matatu.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama. Nyuki na vipepeo hunywa utamu wa gugu la kifundo. Ndege wadogo hula mbegu zake wakati chakula kinapokuwa adimu. Makonde yalipokwisha, wadudu na ndege hao walibakiwa na ukingo wa njia na bustani za watu kama yeye. Nami nilikuja na jembe.

Mgeni asiyejulikana Amerika

Lakini msikate shauri upesi ya kwamba gugu la kifundo ni jema kila mahali. Sikilizeni sehemu ya pili.

Ndugu mwingine wa ukoo huu ana doa jeusi katika ncha ya kila gamba. Kwao ni Ulaya ya Kati na ya Mashariki. Mwaka 1893 alionekana Victoria, bandari iliyo kwenye pwani ya magharibi ya Kanada. Alifikaje? Njia mbili hutajwa. Ya kwanza ni mbegu za lusini, majani ya kulishia ng'ombe, zilizoletwa kutoka ng'ambo bila kusafishwa vizuri. Ya pili ni farumi. Wasikilizaji wa pwani mnalijua neno hili. Meli isiyo na shehena hupakia mchanga na mawe ili isipinduke. Ikifika bandarini hutupa farumi ile ipate nafasi ya mizigo. Pamoja na mchanga hushuka na mbegu zilizomo.

Mwaka 1907 ndugu wa pili, mwenye maua meupe na magamba ya miiba, alionekana katika shamba la lusini huko Bingen, katika jimbo la Washington, Marekani. Huyu ana hila yake. Akikauka hukatika karibu na ardhi, upepo ukambingirisha nyikani, naye humwaga mbegu njia nzima.

Wakati ule hakuna aliyeshtuka. Yalikuwa maua machache tu, tena mazuri. Wafuga nyuki walifurahi. Lakini kumbukeni ya kwamba mimea hii ilikuwa imewaacha nyuma wadudu walioila kwao. Ng'ombe nao hawakupenda uchungu wake. Walikula majani mazuri wakaliacha gugu, na kila mwaka majani yalipungua, gugu likaongezeka. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu mamia, hata elfu, na mbegu hizo huweza kungoja udongoni miaka mitano au zaidi.

Hivyo gugu lenye doa lilienea katika mamilioni ya ekari za malisho katika jimbo la Montana na majimbo ya jirani. Udongo nao ulipata hasara. Majani ya kawaida huushika udongo wa juu kwa nyuzi nyingi za mizizi. Gugu hili lina mzizi mmoja mnene uendao chini. Mvua ikinyesha mlimani, maji hukimbia na kuchukua udongo. Huko California ndugu mwingine, mwenye ua la manjano na miiba mirefu, aliyeingia katikati ya karne ya 19, hudhuru farasi. Farasi akimla kwa muda mrefu, midomo yake hukakamaa asiweze kutafuna, na mwisho hufa.

Wazee walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Mmea mmoja bandarini ulikuwa ufa. Leo watu wa huko wanajenga ukuta.

Wamefanya nini? Waling'oa, walipiga dawa, walichunga kondoo na mbuzi kwa mpango. Na kuanzia mwaka 1970 nchini Kanada waliachilia wadudu walioletwa kutoka Ulaya, baada ya kuwajaribu ili wasije wakala mimea mingine. Mmoja wa wadudu hao ni nzi mdogo atagaye mayai ndani ya kifundo. Funza wake huharibu nafasi ya mbegu. Baadaye wakaleta fukusi walao mzizi. Mahali pengine gugu limepungua. Halijakwisha.

Basi gugu la kifundo ni rafiki au ni adui? Wasikilizaji, jibu ni hili: muulizeni kwanza lipo wapi, ni la aina gani, na nani alikuwa akilizuia kwao.

Na kwetu je?

Ndugu mmoja wa ukoo wa Centaurea huota hata katika nyika za Afrika ya Mashariki, lakini huyo ni mwenyeji, hana ugomvi na mtu. Jambo linalotuhusu sana ni ile jamii kubwa, jamii ya alizeti.

Alizeti yenyewe ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Pareto nayo ni mgeni. Kwao ni pwani ya Dalmatia, na ilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ikawapatia wakulima wa nyanda za juu fedha. Wageni hao walikuja, na kama tusemavyo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kishonanguo nacho asili yake ni Amerika. Huyo hutusumbua shambani, ila wako wanaopika majani yake machanga kama mboga.

Lakini yuko mgeni mwingine ambaye mwenyeji hakupona kwa kuja kwake. Wakulima wa Tanzania humwita gugu karoti. Kwao ni Amerika ya joto. Aliingia India, na katika miaka ya 1950 akaanza kuenea huko, na inaaminiwa alifika ndani ya nafaka kutoka ng'ambo. Katika miaka ya 1970 aliripotiwa Kenya. Mwaka 2010 alitambuliwa Tanzania, katika mkoa wa Arusha. Mnaona ya kwamba njia ni ileile: mbegu ndani ya mzigo, na mzigo usiotazamwa.

Nitawaambia niliyoyaona kwa macho yangu. Siku moja nilikwenda kulitembelea darasa moja la akina mama. Mezani palikuwa na kopo lililojaa maua meupe madogo, limewekwa kwa heshima ya mgeni. Mama mmoja alikuwa ameyachuma njiani asubuhi ile. Nikamsifu kwa moyo wake, kisha nikamwona anajikuna mikono. Akaniambia, "Mwalimu, wiki ya pili hii nawashwa, na watoto wangu vilevile. Na maziwa ya ng'ombe wetu yamekuwa machungu, wateja wameyakataa." Nikayatazama maua yale kwa makini. Yalikuwa gugu karoti. Mama yule alikuwa amelipalilia kando ya mlango wake kwa sababu ni zuri.

Sikumcheka. Mimi niliyeng'oa ua la rafiki nitamchekaje aliyepanda ua la adui? Sote wawili tulikuwa na kosa moja. Tulitazama rangi, hatukutazama zaidi.

Tulitoka darasa zima tukaenda kwake. Tuliyang'oa tukiwa tumefunga mikono kwa mifuko ya plastiki, tukaosha mikono kwa sabuni. Mama yule alikuwa wa kwanza kuzijifunza alama zake, na leo ndiye anayewafundisha majirani.

Alama za gugu karoti ni hizi. Andikeni.

Majani yake yamekatwakatwa kama majani ya karoti. Bua lake lina mistari iliyosimama. Maua yake ni meupe, madogo kama kichwa cha kiberiti au zaidi kidogo. Ukiangalia karibu utaona pembe tano ndogo ukingoni. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Kwa hiyo ung'olewe kabla haujatoa maua. Usiushike kwa mkono mtupu, maana huleta upele, na wengine huziba pumzi. Ng'ombe wasiachwe waule, kwa kuwa maziwa na nyama huharibika. Na ukiuona mahali ambapo haujapata kuonekana, mpelekee habari Bwana Shamba upesi, wakati ungali mmea mmoja.

Mwisho wa somo

Ndugu wasikilizaji, tumesafiri kutoka bustani ya mama mmoja Uingereza hadi kaburi la mfalme wa Misri, hadi bandari ya Kanada, hadi mlango wa mama mmoja wa kwetu. Kila mahali swali lilikuwa moja: huu ni mmea gani? Mahali alipokuwapo mtu wa kujibu, watu walipata faida. Mahali alipokosekana, gugu lilijijibia lenyewe.

Kusoma si kusoma vitabu tu. Mtu aliyezoea kutazama herufi moja moja aweza kutazama na jani moja moja. Kesho mkienda shambani, simameni kidogo kabla ya kushusha jembe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tumesema ua la alizeti si ua moja?
2. Percy Newberry alijuaje wakati wa kuzikwa kwa Tutankhamun?
3. Gugu la kifundo lenye doa lilifika Kanada kwa njia zipi? Je, katika kijiji chenu mbegu na mizigo huingia kwa njia zipi?
4. Kwa nini mmea mmoja waweza kuwa rafiki Uingereza na ndugu yake kuwa adui Amerika?
5. Kila mwanafunzi alete gugu moja asilolijua jina, lakini asilishike kwa mkono mtupu. Waulizeni wazee wa darasa majina yake, myaandike ubaoni.

Maneno ya kujifunza

Farumi: mchanga au mawe yanayowekwa melini kuipa uzito.
Kifundo: kitu kigumu cha duara, kama fundo.
Kitana: chanuo lenye meno madogo yaliyokaribiana.
Konde: shamba au uwanja wa majani.
Magamba: vipande vidogo vilivyopandana, kama juu ya samaki.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.